Beki mkongwe na kinda wake: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu safu ya ulinzi, na karibu zote zinazunguka jambo lilelile: klabu ifanyeje na mabeki waliovuka miaka 33 wakati vijana wanasubiri namba? Tumeziweka pamoja na kuzijibu hapa.

Mzee wangu husema Wenger aliwakuta mabeki wazee pale Arsenal, akawachezesha hadi wakakaribia miaka 40. Iliwezekanaje? Na mbona siku hizi hakuna anayefanya hivyo?
*Shabiki, Kisumu*

Mzee wako hajakosea. Kocha Arsène Wenger alipofika Arsenal mwishoni mwa 1996, Steve Bould alikuwa anakaribia miaka 34, Nigel Winterburn 33, Lee Dixon alikuwa na 32, kipa David Seaman 33, Tony Adams na Martin Keown 30 kila mmoja. Wenger hakukimbilia kuwauza. Alianza na sahani zao: sukari na mafuta vikapungua, samaki, kuku na mboga za kuchemsha vikaongezeka. Kunyoosha misuli kukawa kazi ya kila siku. Mazoezi yakawa mafupi na yakaendeshwa kwa saa, zoezi likitimiza dakika zake linakatwa hata kama wachezaji wamenogewa. Kitu ambacho hakukigusa ni ule mstari wa mabeki wanne aliourithi kutoka enzi za George Graham, kocha wa zamani wa klabu hiyo, uliozoea kupanda na kushuka kama waliofungwa kamba moja. Msimu wa 1998-99 safu hiyo iliruhusu mabao 17 tu katika mechi 38, na ubingwa ukawaponyoka kwa pointi moja. Dixon alistaafu 2002 akiwa na miaka 38. Keown aliondoka 2004 akikaribia umri huohuo.

Sasa kuna upande wa pili wa habari hii, ambao mashabiki wengi huuruka. Pembeni, urithi ulikwenda vizuri. Kushoto alikuja Silvinho mwaka 1999, Winterburn akaondoka mwaka uliofuata, na Ashley Cole, kijana wa klabu aliyekuwa amepelekwa Crystal Palace kwa mkopo, akachukua namba 3. Kulia, Lauren aliletwa 2000 akiwa kiungo, akageuzwa beki huku Dixon bado yupo mazoezini kwa misimu miwili zaidi.

Katikati ndiko kulikouma. Matthew Upson alinunuliwa 1997 akiwa na miaka 18, akakwama kati ya majeraha na benchi, akaondoka Januari 2003 bila kuimiliki namba. Igors Stepanovs aliletwa 2000. Tarehe 25 Februari 2001, Adams na Keown wakiwa nje, Stepanovs alipangwa na Gilles Grimandi kule Old Trafford. Hadi mapumziko Manchester United walikuwa mbele 5-1, Dwight Yorke akiwa ameshafunga matatu, na mechi ikaisha 6-1. Lawama zilimwangukia Stepanovs. Sisi tunaona kosa lilianza zamani. Wakongwe walipokuwa wazima walicheza wao kwa wao, na msaidizi mara nyingi alisubiri hadi waumie, kisha akaingia pembeni ya msaidizi mwenzake bila mtu wa kumpangia mstari.

Dawa ilikuja kwa kuchanganya. Sol Campbell alitoka Tottenham bila ada mwaka 2001, akiwa na miaka 26, akacheza mara na Keown, mara na Adams, ambaye msimu huo wake wa mwisho alipata mechi 10 za ligi tu, na ubingwa ukaja. Kolo Touré aliletwa kutoka ASEC Mimosas ya Abidjan Februari 2002, akazungushwa kiungo na pembeni, kisha 2003 akawekwa katikati na Campbell. Msimu wa 2003-04 hawakufungwa hata mechi moja ya ligi: ushindi 26, sare 12. Keown alikuwa bado yupo, na yeye akacheza mechi 10.

Na hata sasa wapo wanaofanya hivyo. Chelsea walimchukua Thiago Silva 2020 akiwa na miaka 35, na hadi anaondoka 2024 alikuwa na 39.

Namba 5 wangu, beki wa kati, ana miaka 35. Anapanga wenzake vizuri mno, lakini kila baada ya wiki chache anashika nyuma ya paja. Uwanja wetu ni mgumu na hatuna mtaalamu wa viungo. Nimpumzishe zaidi?
*Kocha wa timu ya mkoa, Morogoro*

Kocha, huenda pumziko lenyewe ndilo linalomuumiza. Msuli wa nyuma ya paja huchanika zaidi mtu anapokimbia kwa kasi ya mwisho, pale mguu unaponyooka mbele kabla ya kukanyaga. Beki wa miaka 35 anayeondolewa kwenye kila zoezi la mbio hukutana na kasi hiyo mara moja tu kwa wiki: dakika ya 70, mshambuliaji wa miaka 20 ameshampita, jua linawaka, na ardhi ni ngumu kama sakafu. Msuli haujaandaliwa, unachanika.

Punguza wingi wa kazi yake, usiondoe kasi. Kama mechi ni Jumamosi, Jumapili atembee au aendeshe baiskeli dakika 20 hadi 30. Jumatatu apumzike kabisa. Jumanne afanye mazoezi ya nguvu na mpira pamoja na wenzake, ila umtoe kwenye vile vimechi vidogo vya mwisho vya watano kwa watano, kwa sababu kule kuna kusimama na kugeuka ghafla kwingi mno. Jumatano ndiyo siku yake ya kasi. Baada ya kupasha vizuri, akimbie mita 30 mara 4 hadi 6, aanze na kama asilimia 80 ya kasi yake na mbili za mwisho azifikishe karibu na zote, akipumzika dakika 2 kati ya mbio na mbio. Alhamisi ni mbinu na mipira ya kona. Ijumaa dakika 40 nyepesi. Mkiwa na mechi mbili zisizofikisha saa 72 kati yake, acheze moja tu.

Kisha kuna zoezi lisilo na gharama. Apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu kwa nguvu. Mwili ukiwa umenyooka kuanzia magoti hadi kichwani, ajiachie kwenda mbele polepole akizuia anguko kwa misuli ya nyuma ya paja, na akishindwa ajidake kwa mikono. Wiki ya kwanza afanye mara 3 hadi 5 tu, seti mbili, siku ya Jumanne baada ya mazoezi. Aongeze kidogo kila wiki hadi afike seti tatu za 8. Makosa tunayoyaona mara kwa mara ni mawili. La kwanza, mtu anakunja kiuno, basi msuli haufanyi kazi inayotakiwa. La pili, anaanza na 10 siku ya kwanza, anashindwa kutembea siku mbili, halafu timu nzima inalikataa zoezi. Lisifanyike ndani ya siku mbili kabla ya mechi.

Zoezi hilo limo ndani ya programu ya kupasha misuli iitwayo FIFA 11+, inayochukua kama dakika 20 na haihitaji kifaa zaidi ya mpira. Ifanyeni timu nzima, walau mara mbili kwa wiki.

Kabla ya kumrudisha kutoka kwenye jeraha, mlaze chali, kisigino kimoja juu ya benchi, mguu mwingine hewani, ainue nyonga na kuishusha. Hesabu hadi achoke, kisha badilisha mguu. Mguu uliokuwa na jeraha ukipungua kwa marudio matano au zaidi, bado hajapona, hata akikuapia. Halafu tazama viatu vyake. Kwenye ardhi ngumu avae vyenye meno mafupi mengi; vile vya meno sita marefu viache kwa uwanja wenye nyasi na unyevu.

Beki aache mpira akiwa na miaka mingapi?
*Msomaji, Bukoba*

Hakuna umri uliopangwa, ila namba 2 na 3, mabeki wa pembeni, huchakaa mapema kuliko 4 na 5 wa katikati, kwa sababu wao hupanda na kushuka uwanja mzima. Paolo Maldini wa AC Milan aliipata miaka yake ya mwisho kwa kutumika zaidi katikati badala ya kushoto alikokulia, akastaafu 2009 akikaribia miaka 41.

Ukitaka kumpima beki wako, rekodi mechi tatu kwa simu ukiwa juu ya jukwaa. Angalia hatua zake tano za kwanza baada ya kugeuka, kisha angalia kitu ambacho wengi hawakitazami: mstari wote umesimama wapi. Mzee anapopungua kasi hukosea mara chache, kwa kuwa anajua kujihadhari. Anarudi nyuma mita tano, wenzake wanarudi naye, na pengo linafunguka mbele yao. Kwa hiyo gharama ya uzee wake inalipwa na kiungo mkabaji, namba 6, anayeonekana amechoka ifikapo dakika ya 60 huku lawama zote zikiwa zake. Ukiona namba 6 wako anakimbia peke yake katikati ya bahari, mtazame kwanza sentahafu wako, yaani beki wa kati.

Milan hao hao ni funzo. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2007 waliishinda kwa mabeki wanne ambao wote walikuwa wameshatimiza miaka 30: Oddo, Nesta, Maldini na Jankulovski. Thiago Silva aliletwa Januari 2009, na kwa sababu ya kanuni za usajili wa wageni hakuruhusiwa kucheza mechi za mashindano hadi msimu uliofuata, hivyo nusu mwaka mzima akafanya mazoezi na Maldini. Huo ulikuwa urithi mzuri kweli. Lakini 2012 wakamuuza Thiago Silva kwa Paris Saint-Germain katika kiangazi kilekile Nesta alichoondoka. Ubingwa wa Italia walioutwaa 2011 haukurudi hadi 2022.

Nina miaka 19, nakaa benchi nyuma ya nahodha wa miaka 34. Kocha ananiambia nijifunze kwake. Nijifunze nini hasa, wakati mbio namshinda?
*Mchezaji, Unguja*

Mdogo wetu, mechi ijayo ukiwa benchi usiutazame mpira kwa dakika 20. Mtazame yeye tu.

Utaona hili. Winga wa wapinzani ana mpira mita 35 kutoka golini. Ameinua kichwa na hakuna aliye karibu naye. Nahodha wako tayari ameshapiga hatua mbili nyuma, kabla pasi haijapigwa, na nyonga zake zimekaa upande, mguu mmoja nyuma, ili akigeuka asipoteze muda. Sekunde moja baadaye kiungo wenu anamfikia yule winga, winga anainamisha kichwa na kuugeuza mpira kurudi kwao. Papo hapo nahodha anapiga kelele "Panda!" na wanne wote wanatoka hatua tatu mbele. Mshambuliaji aliyekuwa amemganda ameachwa ameotea.

Hiyo ndiyo elimu yenyewe. Mpira ulio wazi, yaani mwenye nao anaona mbele na habughudhiwi, mstari unashuka. Mpira uliofunikwa, ama unaorudi nyuma, mstari unapanda. Beki wa miaka 19 mwenye kasi husubiri pasi ipigwe ndipo akimbie, kwa sababu mbio zake humwokoa. Zitamwokoa kwenye ligi ya vijana. Kwenye Ligi Kuu atakutana na mwenye kasi kama yake, na atakuwa amechelewa hatua mbili.

Jifunze pia sauti yake. Wakongwe hutumia maneno machache: "Panda", "Shuka", "Mgongoni", "Toka". Neno moja, mapema, kwa mtu anayejulikana. Vijana wengi hunyamaza, halafu hulalamika baada ya bao. Krosi zikija, hesabu mara anazogeuza shingo kumtafuta mtu wa nguzo ya mbali. Wewe kama unatazama mpira tu, huyo ndiye atakayekufunga.

Baada ya mazoezi mwombe kwa heshima dakika kumi, umuulize juu ya tukio moja tu la mechi iliyopita. Wakongwe wengi hupenda kuulizwa, na kilichowakera ni vijana wanaokuja na "kaka nifundishe" bila swali.

Tumwandikie mkataba wa aina gani beki wa miaka 34?
*Kiongozi wa klabu, Mwanza*

Mwaka mmoja mmoja. Wenger aliufuata mara nyingi utaratibu huo kwa wachezaji wake waliovuka 30. Penye matatizo ni kile kipengele cha kuongeza mwaka akicheza mechi kadhaa. Akibakisha mechi mbili, uongozi unaanza kumnong'oneza kocha asimpange, na chumba cha kubadilishia nguo kinajua. Afadhali nyongeza ifungwe kwenye siku alizokuwa mzima na tayari kuchaguliwa, mfano asilimia 70 ya wiki za msimu. Andikeni pia kazi yake ya pili kwa maneno: vipindi viwili kwa mwezi na mabeki wa U20, timu ya vijana chini ya miaka 20. Na mwambieni uamuzi wenu miezi mitatu kabla ya mkataba kwisha. Kumwacha mtu aliyewatumikia miaka kumi asikie habari yake mitandaoni ni ukosefu wa adabu, na makinda wanaona watakavyotendewa wao.

Kinda wetu wa miaka 18 abaki U20 au tumpeleke kwa mkopo?
*Mwalimu wa timu ya vijana, Tanga*

Kinda akishakuwa bora kila wiki kwenye U20, kule hakumwongezei kitu. Anahitaji washambuliaji watu wazima, wanaomsukuma kwa kiwiko na kumvuta jezi. Dickson Job, nahodha wa Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana ya Tanzania, kwenye AFCON ya U17 kule Gabon mwaka 2017, alizoea Ligi Kuu akiwa Mtibwa Sugar kabla Yanga hawajamchukua Januari 2021. William Saliba alisajiliwa na Arsenal 2019, lakini alipita Saint-Étienne, Nice na Marseille kwa misimu mitatu ndipo akarudi 2022 na kuingia moja kwa moja.

Mkopo huharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza, anapelekwa anakokaa benchi. Muulize kocha wa huko nani atacheza na nani, na akikujibu kwa mzunguko, tafuta pengine. Ya pili, anapelekwa kwa timu inayokaa ndani ya boksi lake dakika 90. Atarudi mzuri wa kuondosha mipira kwa kichwa lakini hajui kulinda mita 40 zilizo nyuma yake. Mpigie simu kila wiki, na pata video za mechi zake.

Kabla hajatoka, hakikisha usajili wake wa tangu utotoni umenyooka. FIFA huhesabu fidia ya mafunzo kwa miaka 12 hadi 21, na akiuzwa nje akiwa na mkataba, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Bila kumbukumbu, hela hiyo mtaisikia tu.

Tuna wakongwe wawili na makinda wawili katikati. Wapangweje?
*Kocha msaidizi, Mbeya*

Kinda acheze na mkongwe, huo ndio msingi, na upange tangu kabla ya ligi kuanza. Kwa msimu wa mechi 30, tungeanza hivi: mechi 20 za mkongwe mmoja na kinda mmoja, mechi 6 ngumu kabisa za ugenini wakongwe wote wawili, na 4 za nyumbani makinda wote wawili, mkongwe akiwa benchi tayari. Hizo 4 zisirundikwe mwishoni mwa msimu wakati hakuna kinachopiganiwa, kwani kijana hapimwi kwa mechi zisizo na uzito.

Usiwapange kwa umri peke yake. Mmoja awe wa kukaba na kuruka, mwingine wa kusoma na kufunika. Yanga walipompanga Job, asiye mrefu, na Bakari Mwamnyeto, aliye mrefu, kila mmoja alibeba ambacho mwenzake hana. Kinda mweke upande wenye beki wa pembeni anayekaba vizuri. Ukimweka nyuma ya winga aliyegeuzwa beki, umemtupa motoni.

Akikosea, mpange tena. Mpe mechi tatu mfululizo kabla ya kumhukumu, isipokuwa ameumia au amevunjika moyo waziwazi. Milan ya 2021-22 ilifaidi subira hiyo: Simon Kjær, miaka 32, alipoumia goti Desemba 2021, Pierre Kalulu wa miaka 21 alikuwa tayari ameshaonja mechi za kikosi cha kwanza, na pamoja na Fikayo Tomori wakamaliza ligi wakiwa mabingwa kwa kuruhusu mabao 31.

La mwisho ni kona. Hata siku kinda anapocheza vizuri kuliko wote, mpangilio wa kukaba kona ubaki mdomoni mwa mkongwe hadi kijana afikishe kama mechi 15. Akitolewa mkongwe dakika ya 75, kocha ataje kwa jina, palepale kwenye mstari, nani sasa anasimama nguzo ya karibu na nani anamchukua mrefu wao. Mabao mengi ya dakika za mwisho huingia kwa sababu aliyekuwa anasema ametoka, na hakuna aliyeambiwa aseme badala yake.